Kamanyola ya koko: kumbukumbu za kijiji ambacho wengi wanakijua kwa jina la vita tu

Wakongomani wengi walisikia jina la Kamanyola kabla ya kujua kwamba ni kijiji. Wakati wa Mobutu lilikuwa jina la divisheni ya jeshi iliyofundishwa na Wakorea wa Kaskazini. Lilikuwa pia jina la meli ya rais kwenye mto Kongo. Uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa nao ulizinduliwa mwaka 1994 ukiitwa Kamanyola, na ni mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, ndipo ulipoitwa Stade des Martyrs.

Kwa aliyezaliwa pale, jina hilo linaleta mambo mengine kabisa: mlio wa mchi ndani ya kinu wakati mama anatwanga sombe, bidoni ya maji ya lita 20 kichwani kabla ya masomo, joto la mwezi wa tisa, na koko akimkataza mjukuu asikaribie Ruzizi jioni kwa sababu ya mamba. Kamanyola hiyo haijapewa meli wala uwanja, na karibu hakuna aliyeiandika. Imo ndani ya vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka.

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, vita vimetawanya familia nyingi za bonde la Ruzizi. Koko yuko upande mmoja wa mto, mjukuu upande wa pili. Mambo ambayo zamani yalisimuliwa jioni, polepole, miaka kwa miaka, leo hayana mahali pa kusimuliwa. Na ndani ya mambo hayo yamo yale yanayoweza kumsaidia mtu kujua tarehe yake ya kuzaliwa, ukoo wake na mpaka wa shamba la baba yake.

Mlimani kwa nyuma, mto kwa mbele

Kamanyola iko kama kilometa 50 kusini mwa Bukavu, katika sheferi ya Ngweshe, teritwari ya Walungu. Anayeshuka kutoka Bukavu kwa barabara ya kitaifa nambari 5 anapita Nyangezi, halafu anateremka Ngomo, mteremko wenye kona kali ambao madereva wa malori wanauogopa hadi leo. Chini ya Ngomo baridi ya milima inaisha na joto linaanza. Hapo ndipo bonde linapofunguka kuelekea Katogota, Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, Kiliba, na mwisho Uvira kwenye ziwa Tanganyika.

Ruzizi wenyewe unatoka ziwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa meta 1,460 hivi, na unaingia Tanganyika kwenye meta 770 hivi, baada ya safari ya kilometa 117. Sehemu kubwa ya kushuka huko iko juu, ndani ya makorongo, kabla ya Kamanyola. Ukifika kijijini mto unapumua, unatanuka, unaanza kupindapinda ndani ya matete.

Ng'ambo ni nchi nyingine mbili. Upande wa Rwanda kuna Bugarama, upande wa Burundi kuna Cibitoke. Mtoto wa Kamanyola anaona nchi tatu akisimama mahali pamoja, kabla hata mwalimu hajamfundisha neno mpaka.

Siku moja ya mtoto

Waliokulia Kamanyola, hata wakiwa leo Bukavu, Bujumbura au mbali zaidi, wakianza kusimulia wanaanzia asubuhi. Kabla jua halijapanda, mtoto wa kike ameshika bidoni, wa kiume anafungua mbuzi. Wakati wa kulima, familia nzima inakwenda shamba mapema ili kurudi kabla jua halijawa kali. Mvua za mwezi wa tisa zinafungua msimu wa kwanza wa kilimo, zile za mwezi wa pili zinafungua msimu wa pili. Mihogo, mahindi, maharagi, karanga na viazi vitamu vinalimwa juu. Kwenye maji kuna mchele na mboga za lengalenga.

Kazi za nyumbani ndizo zilizokuwa masomo ya kwanza. Msichana alijifunza kuchagua majani laini ya mihogo, kuyatwanga na kuyapika muda mrefu hadi sombe iive vizuri. Alijifunza kuloweka mihogo hadi uchungu utoke, kuianika na kuigeuza unga wa bugali. Mvulana alijifunza kusoma mawingu, kujua mbuzi mgonjwa kwa macho, na kutofautisha nyayo za ng'ombe wa jirani na za ng'ombe wa wageni. Wakati wa kiangazi wafugaji walishusha ng'ombe wao kutoka milimani kutafuta majani bondeni. Kwa watoto ilikuwa sikukuu. Kwa wakubwa ulikuwa wakati wa kulinda mashamba, na mara nyingine wa ugomvi.

Michezo haikuhitaji makuta. Mpira ulifungwa kwa majani makavu ya mgomba na kamba, gurudumu lilikuwa rimu ya kinga iliyozeeka, ikisukumwa kwa kijiti. Kivulini wanaume walicheza mangola, na mtoto aliyekaa kimya pembeni alijifunza kuhesabu haraka kuliko kwenye ubao. Wasichana waliruka kamba na kupiga makofi ya nzango hadi vumbi linapanda.

Halafu kulikuwa na mto. Kila familia ina hadithi ya mtoto aliyekwenda kuoga bila ruhusa, na fimbo iliyofuata. Woga wa wazazi haukuwa bure. Ruzizi ina viboko na mamba, na mamba mmoja wa mto huo na wa mwambao wa kaskazini wa Tanganyika, yule walioita Gustave, alijulikana hadi ng'ambo ya bahari. Mama hakuhitaji kusoma magazeti ili kumwogopa.

Usiku, kama mwezi ulikuwapo, watoto walikaa karibu na koko kwa ajili ya migani. Sungura alimdanganya chui, msichana mwenye kiburi aliolewa na zimwi, na mwishoni koko aliuliza: umejifunza nini? Katika nyumba nyingi mgani ulianza kwa Mashi, ukapitia Kiswahili pale ambapo mtoto wa jirani hakuelewa, na ukamalizika kwa wimbo ambao wote waliujua. Kamanyola ina Bashi, ina Bafuliiru, ina watu waliotoka Burundi, Rwanda na kwingine. Mtoto alikua na lugha tatu au nne mdomoni bila kujua kwamba hilo ni utajiri.

Kalenda ya familia

Wazee wengi wa bonde hawana karatasi ya kuzaliwa. Ukiuliza umri, wanakujibu kwa tukio. Huyu alizaliwa mwaka wa uhuru, yaani 1960. Yule alikuwa bado mgongoni wakati wa Mulele, 1964. Mwingine alianza kutembea wakati mamluki wa Schramme waliposhika Bukavu, kati ya mwezi wa nane na wa kumi na moja 1967.

Kalenda hiyo inaendelea. Kuna mwaka wa majina, 1972, wakati Mobutu alipowaamuru Wazaire waache majina ya Kizungu. Mpaka leo mzee mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo kwa padri, jina la ukoo kwenye kitambulisho cha zamani, na jina la utani ambalo kijiji kizima kinamwitia. Kuna mwaka wa noti, mwisho wa 1979, serikali ilipofuta ghafla noti za zaire 5 na 10. Aliyekuwa ameficha makuta ndani ya chungu kwa ajili ya mahari aliamka nayo yakiwa karatasi. Kuna siku za salongo, ambapo wakubwa kwa wadogo walitoka na majembe kufanya kazi ya leta bila malipo. Na kuna sikukuu ya 20 mwezi wa tano, siku ya chama cha MPR, ambapo wanafunzi waliimba na kucheza mbele ya wakubwa hadi miguu inauma.

Baadaye matukio yanakuwa mazito. Mwaka 1993, baada ya rais Ndadaye kuuawa Bujumbura, wakimbizi wa Burundi walivuka mto. Mwaka 1994 walikuja wa Rwanda, na kambi zikajengwa kando ya barabara ya bondeni. Mwezi wa kumi 1996 vita vilifika, na mwaka huo huo kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichokuwa kimewapa kazi watu wengi wa bonde, kilisimama. Tarehe 2 mwezi wa nane 1998 vita vingine vilianza.

Majina ya watoto yaliandika kalenda hiyo vizuri kuliko ofisi yoyote. Matabaro ni jina la wakati wa vita. Safari alizaliwa njiani. Sikujua alikuja bila kutazamiwa. Bahati alipona wakati wengine hawakupona. Ukipita darasa moja la shule ya msingi na kuuliza kila mtoto kwa nini aliitwa hivyo, utapata historia ya Kivu Kusini kwa saa moja.

Tatizo ni kwamba kalenda ya namna hii inahitaji mtu wa kuifungua. Mama anajua kwamba mwanawe alizaliwa wiki mbili baada ya watu kurudi kutoka mlimani. Akifa mama, wiki hizo mbili zinakufa naye, na mtoto anabaki na umri wa kubahatisha. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto. Lakini siku 90 ni nini kwa mama ambaye siku hizo alikuwa anakimbia?

Daraja moja, hadithi mbili

Hakuna mahali ambapo kumbukumbu ya leta na kumbukumbu ya nyumbani zinaachana kama kwenye habari za 1964. Mwezi wa tano wa mwaka ule waasi wa Simba, ambao watu wa bonde wanawaita watu wa Mulele, waliteka Uvira. Vijana wengi wa Kifuliiru walimfuata Musa Marandura. Jeshi la taifa lilirudi nyuma kuelekea kaskazini, na mwezi wa sita mapigano yakafika Kamanyola.

Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi, alifika mwenyewe. Toka hapo hadithi ya serikali ikajengwa: askari wanakimbia, mkubwa wao anawasimamisha darajani, anatangulia, ushindi unapatikana. Wanafunzi wa Zaire walifundishwa hivyo. Divisheni, meli na uwanja vilipewa jina kwa sababu ya siku hizo.

Kumbukumbu ya familia haina shujaa. Ina wanawake waliofunga nguo na unga ndani ya kitenge, wakapanda mlima usiku. Ina mbuzi walioachwa, na moto uliozimwa haraka ili moshi usionekane. Ina ndugu wawili, mmoja alikwenda na waasi, wa pili alibaki na jeshi, na baba ambaye baadaye hakutaka majina yao yatajwe pamoja mezani. Hadithi ya kwanza ilipewa redio na mabango. Ya pili ilisemwa kwa sauti ya chini, tena baada ya kuangalia kama mlango umefungwa, kwa sababu katika miaka ile kusema kwamba kaka yako alikuwa Mulele ilikuwa hatari.

Ndiyo maana wajukuu wengi wanajua ya meli na hawajui ya kaka wa koko.

Ng'ambo ni kwa shangazi

Mpaka wa Kamanyola unaonekana wazi kwenye ramani kuliko ndani ya familia. Shangazi ameolewa Bugarama, mjomba analima Cibitoke, baba mdogo anauza samaki Uvira. Watu walivuka na jetoni asubuhi wakarudi jioni, na mchele, nyanya, mafuta na sabuni viliwafuata. Dereva aliyeogopa Ngomo, hasa wakati wa mvua, alipita Rwanda, akatokea Bugarama na kuingia tena Kongo hapa hapa Kamanyola. Watoto walijua malori kwa rangi, na dereva kwa honi.

Hata chakula kina ukoo wa namna hiyo. Familia za bonde zinakula ndagala kutoka Uvira, na zile zenye ndugu Bukavu zinaletewa sambaza. Wengi hawajui kwamba samaki hao ni jamaa. Sambaza wa ziwa Kivu walitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, wakapandwa Kivu, na wakazaana huko. Koko aliyewahi kula sambaza kwa mara ya kwanza akiwa tayari mtu mzima anaweza kuwa shahidi wa jambo hilo.

Undugu wa ng'ambo umesaidia sana wakati wa kukimbia. Umeleta pia majeraha. Kamanyola imepokea wakimbizi mara nyingi, na mara nyingi watu wake wamekuwa wakimbizi. Tarehe 15 mwezi wa tisa 2017, wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa kijijini kwa risasi za vikosi vya usalama, wakati wa vurugu zilizoanza baada ya wenzao kukamatwa. Walikuwa wameishi kati ya wakaaji, walinunua kwenye soko lile lile. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 siku ile ni kijana leo. Naye ana kitu cha kusimulia, na pengine hakuna aliyemuuliza.

Shamba bila shahidi

Kuna atakayesema kwamba kumbukumbu ni mambo ya kupitisha wakati. Aende asikilize kesi za mashamba.

Katika Ngweshe, kama sehemu nyingine za Bushi, ardhi iligawiwa kwa desturi. Njia kubwa inaitwa kalinzi: mtu anatoa ng'ombe, au kitu kingine kilichokubaliwa, kwa mwami au kwa aliyepewa mamlaka naye, na anapata haki ya kudumu ambayo watoto wake wanarithi. Njia nyingine ni bwasa, ambayo ni kukodi kwa msimu. Mwenye bwasa analima mahindi au maharagi, hana ruhusa ya kupanda migomba wala miti, kwa kuwa anayepanda mti anaonekana kama mwenye shamba. Baadaye ikaja bugule, yaani kununua kwa makuta.

Tofauti kati ya kalinzi na bwasa ni kubwa kuliko shamba lenyewe. Mwenye kalinzi anaacha urithi. Mwenye bwasa anaweza kuondolewa msimu ukiisha. Na mara nyingi hakuna karatasi. Kuna pombe iliyonywewa siku ile, mashahidi waliokaa, mti uliopandwa mpakani, na mtoto aliyeletwa makusudi ili aone na akumbuke. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa karatasi.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali. Kuhusu mashamba ya desturi ilisema kwamba agizo la rais litapanga haki zake. Familia za vijijini zilingoja agizo hilo miaka na miaka, na katika kungoja zikaendelea kutegemea ushahidi wa wazee.

Anayeumia zaidi ni mjane na binti. Sheria ya Familia haimtengi mtoto wa kike kwenye urithi, lakini kijijini akikosa mtu wa kusema kwamba baba yake alitoa ng'ombe mbele ya fulani na fulani, shemeji au baba mdogo anaweza kuchukua shamba mchana kweupe. Binti aliyesimuliwa na koko wake jina la kila shahidi ana silaha. Binti aliyeambiwa tu kwamba shamba ni letu hana kitu mkononi.

Mwaka wa kutawanyika

Mwezi wa pili 2025, baada ya Bukavu, wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Kamanyola. Watu wa bonde waliotangulia kukimbia walivuka Ruzizi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu ndani ya maji, na kuna waliochukuliwa na mto. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, huko Cibitoke. Baadaye wengi walipelekwa Musenyi, kusini-mashariki ya Burundi, mbali na mto na mbali na kila mlima waliouzoea. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo mapigano yalishuka tena bondeni hadi Uvira, na watu wakavuka upya.

Mtu anapokimbia anabeba sufuria, godoro, mtoto. Hawezi kubeba mwembe ambao kitovu chake kilizikwa chini yake. Hawezi kubeba kaburi la baba, wala jiwe la mpaka. Anachoweza kubeba bila uzito ni maneno. Lakini kambini usiku ni mrefu na mawazo ni mengi, na wazee wengi wananyamaza. Watoto nao wanajifunza mapema kutouliza, wakiona kwamba swali linamliza mama.

Watoto wamezaliwa Musenyi. Kwa hao, Kamanyola ni neno tu, kama ilivyokuwa kwa mtoto wa Kinshasa aliyelijua kama jina la uwanja. Kijiji kimerudi pale pale kilipokuwa: jina ambalo watu wanalitaja bila kujua nini kiko ndani yake.

Vijiji vingine vilifanya nini

Kuna Wakongomani wa mashariki ambao safari yao iliishia mbali zaidi. Kati ya 2004 na 2020, mpango wa Uingereza ulioitwa Gateway uliwapokea wakimbizi, na wakati huo familia za Wakongomani zilipelekwa miji kama Sheffield, Hull na Norwich. Watoto wao wanakulia katika nchi ambayo vijiji vyake vidogo kabisa vina vitabu vyao.

Hilo halikutokea lenyewe. Mwaka 1965 chama cha akina mama wa vijijini wa Uingereza, Women's Institute, kilitimiza miaka 50. Kwa sikukuu hiyo akina mama wa vijiji vingi walitengeneza kila mmoja daftari kubwa la kijiji chao cha mwaka ule: picha, bei za dukani, mapishi, nguo, majina ya mashamba, nani anafanya kazi gani. Hawakuwa wanahistoria. Madaftari mengi kati ya hayo yamehifadhiwa hadi leo kwenye nyumba za kumbukumbu za mikoa. Miaka minne baadaye, 1969, Ronald Blythe alitoa kitabu Akenfield, ambamo watu wa mashambani wa Suffolk, mkulima, mhunzi, mchimba makaburi, wanaeleza maisha yao. Wengi wao walikuwa na masomo kidogo tu. Kitabu kilisomwa duniani kote, na mwaka 1974 kikawa filamu.

Kongo haikosi mfano wake. Jan Vansina, Mbelgiji aliyeanza kazi kwa Wakuba wa Kasai katika miaka ya 1950, alikaa na wazee, akalinganisha masimulizi yao, na mwaka 1961 akatoa kitabu kilichowafundisha wasomi wa Ulaya kwamba neno la mdomo, likichunguzwa vizuri, ni ushahidi wa historia kama karatasi. Dunia ilijifunza hilo kutoka kwa wazee wa Kongo. Itakuwa ajabu kama wajukuu wa Kongo ndio watakuwa wa mwisho kulitumia.

Kinachowezekana leo

Daftari la shule na kalamu vinatosha. Mwenye simu inayorekodi ana zaidi ya alichokuwa nacho Vansina. Kinachohitajika ni kukaa na mzee mmoja, mapema, kabla hajachoka, na kumuuliza mambo yenye jibu. Ukimuuliza maisha yalikuwaje, atasema yalikuwa mazuri, na hapo mazungumzo yameisha. Maswali madogo ndiyo yanayofungua mlango:

Ulizaliwa kabla au baada ya tukio gani, na nani alikuambia?

Majina ya wazazi wa wazazi wako ni nani, na walitoka kilima gani?

Shamba lilipatikana kwa kalinzi, bwasa au bugule? Nani alikuwapo siku ile? Mpaka wake ni mti gani, jiwe gani, mfereji gani?

Mlipokimbia mara ya kwanza, mlipita njia gani, na nani aliwapokea?

Ni chakula gani kilipikwa nyumbani ambacho leo hakipikwi tena?

Jibu liandikwe kwa lugha aliyotumia mzee, hata kama ni Mashi na Kiswahili vikichanganyika. Tarehe ya mazungumzo iandikwe, na majina ya waliokuwapo. Kwa mambo ya shamba ni vizuri wazee wawili waulizwe kila mmoja peke yake, maana wakipatana bila kusikilizana, neno lao lina nguvu. Daftari likiisha, nakala mbili ni bora kuliko moja, na nakala moja ikae mbali na nyingine. Watu wa bonde wanajua vizuri kwa nini.

Kuna pia ya kuacha. Mzee asiyetaka kusema kuhusu 1964, au 1996, au mwaka jana, asilazimishwe. Na katika wakati huu wa vita, karatasi yenye majina ya watu na vyama vyao inaweza kumletea mtu hatari. Migani, mapishi, majina ya vilima na mipaka ya mashamba vitatosha kwa kuanza. Mengine yatafuata siku mzee mwenyewe atakapoona kwamba mlango umefungwa vizuri na wanaosikiliza ni wake.

Jioni, Musenyi kama Kamanyola, mtoto bado anaomba mgani kabla ya kulala. Koko akimaliza ule wa sungura na chui, mtoto amwombe mwingine: ule wa siku babu alipotoa ng'ombe, na watu wakakaa chini ya mwembe kuona mpaka ukipandwa miti. Na aliye na kalamu aandike majina ya waliokaa.